Kabla Hujamhesabia Kwotabeki Pete

Habari za jioni, ndugu zangu. Nilipoombwa nizungumzie mpira wa Kimarekani mbele ya watu waliolelewa na Simba na Yanga, nilidhani nitaongea na viti. Kumbe wakeshaji tupo wengi. Super Bowl, fainali ya mchezo huu, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, Jumatatu, siku ya kazi, na bado nawaona hapa watu ambao najua kabisa asubuhi yake huwa wanasinzia ofisini.

Nianze kwa kukiri kosa. Februari 2014 nilikaa kwenye kochi la binamu yangu nikamhakikishia kwamba ubingwa ni wa Denver Broncos. Hoja nilikuwa nazo. Kwotabeki wao, yaani mwongoza mashambulizi, Peyton Manning, alikuwa amemaliza msimu na pasi 55 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa adui, na yadi 5,477, rekodi zote mbili. Timu ilikuwa imefunga pointi 606, na kabla yao hakuna iliyowahi kuvuka 600. Basi mchezo ukaanza. Mpira wa kwanza kabisa, Manning akiwa bado anatembea akiwapigia wenzake kelele, ukampita ukaangukia kwenye eneo lao wenyewe. Sekunde 12, Seattle Seahawks wana pointi 2. Ikaisha 43 kwa 8. Binamu yangu hakunicheka. Alizima televisheni, akaoga, akaenda kazini. Heri angecheka.

Tangu usiku ule najiuliza: tunapomtazama kwotabeki na kusema "huyu ni wa ubingwa" au "huyu hawezi kubeba kombe", tunapima nini hasa?

Kwa mgeni wa mchezo huu, nieleze kidogo, wazoefu mnisamehe. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio mpira unaanzia mikononi mwa kwotabeki. Ana kama sekunde tatu hivi za kusoma walinzi na kuamua: arushe, ampe mkimbiaji, au akimbie mwenyewe. Watu watano wakubwa wanasimama mbele yake kumkinga, na upande wa pili kuna watu wanaolipwa mamilioni kwa kazi moja tu, kumfikia na kumlaza chini. Ndiyo maana analipwa kuliko wote na jina lake ndilo linalotajwa kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wa soka hulisahau. Timu yake inapolinda, yeye hayumo uwanjani. Mshambuliaji wa Yanga anaweza kurudi nyuma kuokoa kona. Kwotabeki hawezi. Amekaa benchi, anakunywa maji, anaangalia picha kwenye kompyuta ndogo, na wenzake wanafungwa. Nusu ya mchezo hana lolote la kufanya, na ukiisha tunaandika kwamba yeye ndiye kashinda au kashindwa. Utaona wachambuzi wakiweka rekodi ya ushindi na vipigo kando ya jina lake, kana kwamba ni bondia.

Turudi kwa Manning, kwa sababu maisha yake ya mwisho uwanjani ndiyo somo lenyewe. Msimu wa 2015 alikuwa na miaka 39, mguu unauma, mkono hauna nguvu. Alirusha pasi 9 za tachidauni, na pasi zake 17 zikanaswa na wapinzani. Novemba mwaka huo, dhidi ya Kansas City Chiefs, alivunja rekodi ya yadi nyingi zaidi katika historia ya ligi, na siku hiyohiyo alipata pasi 5 kati ya 20, akanaswa nne, alama yake ya upasiaji ikasoma sifuri. Rekodi ya maisha na sifuri, mchana mmoja! Akatolewa, akaingia kijana Brock Osweiler, naye akacheza michezo saba. Manning akarudishwa mwishoni mwa msimu, na Februari 2016 akawa bingwa.

Angalieni alichofanya kwenye fainali ile dhidi ya Carolina Panthers. Pasi 13 kati ya 23, yadi 141, amenaswa moja. Broncos nzima ilisogea yadi 194 tu, chache kuliko bingwa yeyote wa Super Bowl kabla yake. Wakashinda 24 kwa 10. Upande wa pili alikuwa Cam Newton, mchezaji bora wa msimu, timu yake imepoteza mchezo mmoja tu katika 16. Newton alilazwa chini mara 6. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali akapewa Von Miller, mlinzi, aliyempokonya Newton mpira mara mbili.

Kwa hiyo tuna mtu mmoja na misimu miwili. Katika msimu bora kuliko wowote ambao kwotabeki alikuwa amecheza, alifedheheshwa. Katika msimu wake mbovu kuliko yote, akavishwa pete, ile wanayopewa mabingwa. Sasa wewe unayehesabu pete, Manning gani ndiye wa ubingwa?

Mtu ataniambia hiyo ni kioja, mara moja kwa karne. Haya, mwaka 2000 Baltimore Ravens walicheza michezo mitano mfululizo bila safu yao ya mashambulizi kupata tachidauni hata moja. Mitano! Wakambadilisha kwotabeki, wakamweka Trent Dilfer, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutoharibu. Ulinzi wao uliruhusu pointi 165 katika michezo 16. Wakaipiga New York Giants 34 kwa 7 kwenye fainali. Dilfer na pete yake wakaonyeshwa mlango, na timu ikasajili mwingine. Wakati huohuo Dan Marino, aliyerusha pasi 48 za tachidauni mwaka 1984 wakati namba hiyo ilionekana kama hadithi za abunuwasi, alifika fainali moja, akafungwa 38 kwa 16, hakurudi tena. Kama pete ndiyo mizani, Dilfer ni mkubwa kuliko Marino. Anayeamini hivyo anyooshe mkono. Nilijua.

Takwimu nazo zina mtego. Alama maarufu ya upasiaji, ile ambayo kilele chake ni 158.3, ilianza kutumika 1973 na imejengwa kwa vitu vinne: asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, tachidauni, na pasi zilizonaswa. Haijui chochote kuhusu kulazwa chini na mpira mkononi. Haijui miguu. Kwa alama hiyo Lamar Jackson wa Baltimore akikimbia yadi 100 ni kama alilala nyumbani. Siitupi, lakini nikiona mtu ananiletea alama hiyo peke yake kama hoja ya ubingwa, nabadilisha mazungumzo.

Mimi siku hizi naanza na watu watano wanaomkinga, na wale wanne wa adui wanaowakabili. Timu ya kawaida ikitaka kumsumbua kwotabeki huongeza watu wa kumshambulia, na kila anayeongezwa anaacha nafasi nyuma yake. Kwotabeki hodari anaishi kwa nafasi hizo. Ukimletea watu sita, anacheka. Hatari ni timu inayoweza kumfikia kwa wanne tu, kwa sababu saba wanabaki nyuma kuwafunika wapokeaji. Hapo ujanja wote wa kusoma mchezo unakosa kitabu cha kusoma.

Patrick Mahomes wa Kansas City ni shahidi. Hadi msimu wa 2024 alikuwa amecheza fainali tano, akashinda tatu. Angalieni zile mbili alizopoteza. Februari 2021 mbele ya Tampa Bay alikuwa amekosa wakingaji wake wote wawili wa pembeni, mmoja ameumia kano ya kisigino kwenye nusu fainali tu. Alikimbia nyuma na pembeni usiku kucha, akirusha pasi mwili ukiwa hewani, na timu haikupata tachidauni: 31 kwa 9. Februari 2025 kule New Orleans, Philadelphia Eagles hawakuongeza mshambuliaji wa ziada hata mara moja. Wanne walitosha. Mahomes akalazwa mara 6, na kipindi cha tatu ubao ukawa unasoma 34 kwa 0. Ni mtu yuleyule ambaye mwaka uliotangulia tulimwita asiyezuilika. Kipaji hakikupungua kwa miezi 12. Ukuta ndio ulibomoka.

Tena mshindi wa siku hiyo, Jalen Hurts, aliwahi kucheza vizuri zaidi kwenye fainali ya 2023 dhidi ya Mahomes huyohuyo: yadi 304 kwa pasi, tachidauni tatu kwa miguu yake mwenyewe. Akapoteza 38 kwa 35. Waliomtilia shaka usiku ule ndio waliomsifu 2025 alipopasi yadi 221. Mimi nasema Hurts wa kipigo alikuwa hatari kuliko Hurts wa tuzo, na niko tayari kubishana na yeyote baada ya chai.

Halafu kuna hesabu ya fedha, na hapa ndipo timu hujengwa au kuuawa. Tangu 1994 ligi ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, na haijalishi mwenye timu ni tajiri kiasi gani. Mwaka huohuo Dak Prescott wa Dallas alisaini mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Wahasibu wana mbinu za kusambaza deni miaka ya mbele, lakini deni ni deni. Ukimlipa mmoja hivyo, waliobaki zaidi ya 50 wanagawana kilichobaki, na mara nyingi anayekosa ni yule mlinzi wa pembeni ambaye ungemhitaji Februari.

Sasa rudini kwa ile Seattle iliyoniaibisha kwenye kochi. Kwotabeki wao, Russell Wilson, alikuwa ameteuliwa raundi ya tatu, timu zilipogawana vijana wapya mwaka 2012, na alikuwa anapokea chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Fedha iliyobaki ilinunua ulinzi mkali kuliko wote ligini. Mwaka uliofuata wakarudi fainali, wakapoteza kwa pasi iliyonaswa wakiwa yadi 1 kutoka mstarini. Kisha Wilson akalipwa stahiki yake, na hakufika fainali tena na Seattle. Simlaumu kwa kudai. Ila unapoulizwa kama timu fulani ni ya ubingwa, swali la kwanza liwe kwotabeki anakula sehemu gani ya kikomo, na mkataba wake wa ujana umebakiza miaka mingapi.

Chiefs wamepasua njia nyingine. Machi 2022 walimuuza Tyreek Hill, mpokeaji mwenye kasi ya ajabu, wakachukua nafasi tano za kuteua vijana, na wengi tukasema Mahomes kakatwa mkono. Wakashinda Super Bowl mbili mfululizo. Na msimu wa 2022 Mahomes akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Kurt Warner mwaka 1999.

Pamoja na hayo yote, mtoano ni mchezo mmoja, ukifungwa umekwenda. Giants wa 2011 walimaliza msimu wakishinda 9 na kupoteza 7, wamefunga pointi 394 na kufungwa 400. Kwa hesabu yoyote ya heshima hao si mabingwa. Wakaenda Green Bay, kwa timu iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima, wakaipiga 37 kwa 20, na hatimaye wakaifunga New England kwenye fainali. Kwotabeki wao Eli Manning, mdogo wake Peyton, alikuwa hodari, sikatai. Lakini walikuwa na wakimbizaji wa kwotabeki mbele, akiwemo Osi Umenyiora, ambaye leo ndiye anayepita huku Afrika kutafuta vijana wa mchezo huu. Ule ulinzi ulimshinda Tom Brady mara mbili kwenye fainali, na Brady ana pete saba.

Najua wengi mnasubiri nimtaje Josh Allen wa Buffalo. Januari 2022, kule Kansas City, Allen alirusha tachidauni nne na kuiweka timu yake mbele zikiwa zimebaki sekunde 13. Sekunde 13! Chiefs wakasogea yadi 44, wakasawazisha. Muda wa nyongeza ukaamuliwa kwa sarafu: Chiefs wakapata mpira, wakafunga, mchezo ukaisha 42 kwa 36, na Allen hakuugusa tena. Ligi yenyewe iliona haya, ikabadilisha kanuni mwaka huohuo ili kila timu ipate zamu kwenye mtoano. Januari 2025 akafungwa tena na haohao, 32 kwa 29, ikiwa mara ya nne katika misimu mitano, na siku chache baadaye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa msimu.

Watu wanauliza kama Allen anaweza kushinda mchezo mkubwa. Mimi nawauliza wapi katika zile sekunde 13 mlimwona Allen. Alikuwa benchi, kofia ya chuma mkononi. Kama Buffalo wanataka ubingwa, wawatafute watu wanne wa kumfikia Mahomes bila msaada, kama Philadelphia walivyofanya. Allen tayari ameshafanya sehemu yake.

Yule kijana wa nyuma mwenye fulana ya Chiefs ameinua mkono tangu nilipotaja New Orleans. Mpeni kipaza sauti.