Vileja vya Watu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kuniita. Nimeambiwa nieleze ninavyoendesha biashara ya vitafunio nyumbani kwangu, hapa mjini Unguja, na ninavyoipitisha Ramadhani na sikukuu. Shaaban imebaki siku chache, watu wameshaanza kuvunja jungu, kula na kufurahi kabla ya mfungo, basi sitazunguka. Naanza na maneno ambayo nadhani kila anayepikia watu humu ndani ameshawahi kuyasema: "Usiguse, vya watu."

Mimi niliyasema miaka sita. Binti yangu alikuwa na miaka minne nilipoanza kupika vileja, vile vibiskuti vyetu vya unga wa mchele, kwa oda. Akija jikoni, kavutwa na harufu ya samli na iliki, ananyoosha mkono kwenye sinia, namwambia usiguse, vya watu. Visheti, vya watu. Keki, ya watu. Toka jikoni, mwanangu, utaniangushia. Alipofika miaka kumi, jioni ya mwezi 28 Ramadhani, tumeshafuturu, shangazi yake alimpelekea kileja kwenye kisahani. Hakukichukua. Alinitazama mimi kwanza, akaniuliza: "Mama, hiki cha watu?"

Usiku ule nilipika mpaka daku, na lile swali halikuniondoka.

Kwa sababu kileja mimi sikukijua hivyo. Mama yangu alikuwa akipika vileja vya nyumba katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mchele ameshauroweka, ameuanika, ameutwanga, ameuchekecha. Samli na sukari anazipiga kwa mkono mpaka zinakuwa nyeupe, halafu mayai, halafu iliki, halafu unga kidogo kidogo. Sisi watoto tumezunguka sinia, tunafinyanga vidonge na kuvibonyeza kwa kidole. Kila mmoja anakijua chake kwa alama ya kidole. Hatukuwa na oveni: sufuria juu ya mkaa, bati juu ya sufuria, na makaa yamepaliwa juu ya bati. Kupalia nilikuja kukutumia tena umeme ulipokatika kisiwa kizima miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na nilishukuru kwamba mkono haukusahau.

Na baba naye yuko barazani na gunia la mchele na kibaba chake, anapima zaka ya fitri. Vibaba vinne ndiyo pishi, na pishi moja kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga. Tulikuwa saba nyumbani. Sisi tukihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, pishi! Nne mara saba niliijua pale barazani kabla sijafundishwa skuli. Kisha tunatumwa na vikapu kwa majirani, kwa sababu zaka lazima iwafikie wenyewe kabla ya sala ya Idi.

Hayo yote hakuna aliyetuweka chini akatufundisha. Tulikuwapo tu, kazi ikifanyika mbele yetu.

Watu wakizungumza habari ya biashara ya nyumbani husema inakula muda. Ni kweli, lakini mimi naona inakula kitu chengine zaidi, nacho ni mahali. Mwenye duka sokoni Darajani hufunga mlango wake akarudi nyumbani. Sisi mlango wa duka ndio huo huo wa nyumba. Jiko ambalo mtoto angejifunzia kufinyanga kileja limekuwa kiwanda, na kileja chenyewe kimekuwa bidhaa. Mtoto anakua ndani ya harufu ya sikukuu, lakini sikukuu haimhusu. Wanangu wa kiume walivaa kanzu zao asubuhi ya Idi, wakaenda kusali, na mimi niko jikoni nahesabu visahani vya watu waliochelewa kuchukua. Binti alipakwa hina kwa jirani.

Sasa niwaelezeni nilichobadilisha. Mnataka kusikia hilo, naliona machoni.

Daftari langu la oda linafungwa mwezi 20 Ramadhani. Kukabidhi mwisho ni mwezi 26. Baada ya hapo jiko ni la watoto wangu.

Mwaka wa kwanza nilipoteza karibu robo ya mapato ya sikukuu, sitawaficha. Wako wateja waliokwenda kwengine na hawajarudi mpaka leo. Wengine walikasirika, kisha mwaka uliofuata wakaja mapema na nusu ya pesa mkononi. Lakini kuna hasara nyengine iliyonifundisha jambo kuhusu mwandamo, na hapa nataka mnisikilize vizuri.

Mteja wetu husema: "Nitachukua siku ya mwandamo." Siku ya mwandamo ni ipi? Ramadhani ni siku 29 au 30, na hatujui mpaka usiku ule utangazwe. Mwaka mmoja, kabla ya mabadiliko haya, nilikuwa na keki tisa za krimu tayari kwa jioni ya mwezi 29. Mwezi haukuonekana. Friji yangu ndogo, umeme ukakatika usiku, na asubuhi zile keki hazitamaniki. Wateja walizikataa, na walikuwa na haki. Tangu hapo keki za krimu za sikukuu sipiki. Kileja na kisheti havijali mwezi umeandama lini. Ukivifunga vizuri kwenye mkebe usiopitisha hewa, vinakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo kumi la mwanzo napika visheti, nakolezea shira, navipoza kabisa kabla ya kufunga. Kumi la pili ni vileja. Kumi la mwisho nakabidhi.

Na unga usiuache mpaka Ramadhani. Unga wa kileja unataka jua. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, basi Ramadhani inarudi nyuma siku kumi mpaka kumi na mbili kila mwaka wa Miladia. Mwaka 2030 tutaingia kufunga Januari, na tutaingia tena mwishoni mwa Disemba. Miaka ambayo mfungo umeangukia masika, mchele uliorowekwa haukauki, unachacha, na kileja kinatoka na harufu. Sasa tunaelekea kaskazi, jua lipo, lakini mimi bado naanika Rajab au Shaaban. Mkono ukiwa mwepesi Ramadhani, ndipo unapopata nafasi ya kumwita mtoto.

Baada ya Ramadhani kuna Mfungo Mosi, yaani mwezi wa Shawwal, na harusi zake. Sikukuu pili tu simu zinaanza: Bi fulani, tunataka visheti vya harusi. Simu yangu siku hizo anayo mume wangu, anajibu salamu tu. Siku nne za sikukuu ni za kuamkia wazee, na jioni ni za Kariakoo yetu ya hapa Unguja, kwenye pembea na watoto. Wanaotaka visheti wanajibiwa siku ya tano.

Mwaka jana binti yangu alipika vileja vya nyumba peke yake. Samli ilikuwa haba, vikapasuka juu kama ardhi ya kiangazi. Nilivitia kwenye mkebe wa wageni. Watoto wa mtaa walipokuja kuchukua mkono wa Idi aliwapitishia yeye mwenyewe, na alama za kidole chake zilionekana kwenye kila kimoja.

Kabla ya kukaa, kuna mama hapa karibu na mlango ameniuliza wakati tunaingia: yeye ni mjane, na siku zile tatu za mwisho ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Afunge kazi vipi? Mama yangu, mimi nina mume anayeleta mchele, wewe huna, na siwezi kukwambia ufunge kazi mwezi 26. Chukua usiku mmoja. Usiku wa kupima zaka, waite wanao, mpe mkubwa kibaba, oda zikae. Saa moja inatosha. Na zile oda za siku tatu, nusu yake tunaweza kuzivuta nyuma ukiwaambia wateja leo kwamba anayelipa kabla ya kumi la pili anapata bei ya zamani. Tukitoka hapa kaa na mimi, leta daftari lako tuone nani na nani wanaweza kuhamishwa. Na mchele wako, kama hujauroweka, uroweke leo usiku, kesho jua likitoka uanike.