Toa Pumzi Yote: CT na Hatima ya Pafu Lililopandikizwa

Wenzangu wa radiolojia na wa wodi ya kifua, leo nitakaa zaidi kwenye picha moja: CT, yaani picha ya eksrei ya vipande vya mwili inayotengenezwa kwa kompyuta, ya mgonjwa aliyetoa pumzi.

Saa 72 za kwanza baada ya upandikizaji, eksrei hutosha. Mapafu yote mawili yakiwa na weupe, na shinikizo la oksijeni ya damu (kwa mmHg) likigawanywa kwa sehemu ya oksijeni katika hewa anayovuta likatoa chini ya 200, hilo ni daraja la 3 la pafu jipya kushindwa kazi mapema, baya kuliko yote.

Ugumu huja baadaye, hewa anayopuliza sekunde ya kwanza inaposhuka asilimia 20 au zaidi chini ya kiwango chake bora, isirudi. Kipimo cha kupuliza hakisemi kama vijia vidogo vya hewa vimeziba au pafu lenyewe limekakamaa na kusinyaa. Wanaosinyaa mapafu kwa kawaida huishi muda mfupi zaidi, na hao CT huwafichua kwa ukungu na makovu yasiyoondoka.

Vijia vilivyoziba ndivyo vinavyohitaji ufundi, maana CT haivioni. Huona hewa iliyonaswa nyuma yake, inayobaki nyeusi kwenye picha. Piga picha mbili, pumzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, kisha ikiwa imetolewa. Programu huzilaza pamoja na kulinganisha nukta kwa nukta. Nukta iliyo juu ya hasi 950 kwa kipimo cha Hounsfield, yaani kipimo cha uzito wa tishu kwenye CT, wakati wa kuvuta, lakini chini ya hasi 856 wakati wa kutoa, huhesabiwa kuwa ya vijia vilivyoziba. Mbinu hii ilibuniwa Chuo Kikuu cha Michigan. Eneo hilo likiwa kubwa wakati kipimo kinaposhuka, matarajio ya uhai ni mabaya zaidi.

Sasa makosa. Tazama trakea, bomba kuu la hewa, kwenye picha ya kutoa: ukuta wake wa nyuma uwe bapa au umeingia ndani. Ukiikuta bado mviringo, mgonjwa hakutoa pumzi, na weusi unaouona si ugonjwa. Mfanyisheni mazoezi kabla hajaingia mashineni. Vipande viwe vya milimita 1 hivi, vichakatwe kwa kichujio laini. Kichujio kikali huongeza chengachenga na kuharibu hesabu.

Aliyepandikizwa pafu moja, pimeni hilo peke yake. Lile la zamani lenye emfisema, yaani vifuko vya hewa vilivyoharibika, litawadanganya. Na akiwa na maambukizi, mtibuni kwanza, kisha rudieni picha.