Wasifu wa Mwalimu Hauandikwi Usiku wa Kuamkia Mazishi

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia yule mzee ambaye kijiji kizima kinamwita Mwalimu, hata waliozaliwa akiwa ameshastaafu. Amefundisha shule ya msingi, amekuwa mwenyekiti wa kijiji, amesuluhisha migogoro ya mipaka ya mashamba. Akifariki, waombolezaji wanasomewa tarehe ya kuzaliwa, shule alizopita, idadi ya watoto na wajukuu, basi. Kaka Salum, tunakwama wapi?

SALUM: Tunakwama usiku wa kuamkia mazishi, dada. Kalamu anapewa kijana wa familia saa nne usiku. Anaandika anachokijua, na anachokijua ni baba wa nyumbani. Mwalimu wa darasani na mwenyekiti wa kikaoni hakuwahi kukaa nao. Kamati ya mazishi inapokaa mara ya kwanza, ikishapata mwekahazina na watu wa chakula, iteue watu 3 wa wasifu: mmoja wa familia, mmoja aliyefundisha naye, mmoja aliyefundishwa naye.

REHEMA: Na kwa Waislamu, ambao hawacheleweshi maziko?

SALUM: Hapo msilazimishe. Zikeni, na kwa wanaosoma hitima au arobaini, wasifu usomwe siku hiyo. Mmepata muda wa kuuandika vizuri zaidi.

REHEMA: Haya, hao watu 3 waanzie wapi?

SALUM: Kwenye karatasi. Nyumbani watafute cheti cha ualimu, barua ya ajira, barua za uhamisho na barua ya kustaafu. Barua za uhamisho ndizo muhimu kupita zote, kwa sababu zinaonyesha alifika shule gani mwaka gani, na ndipo utajua wanafunzi wake ni akina nani. Shuleni waombe kuona rejesta za zamani na daftari la matukio. Ofisi ya kijiji ina mihtasari ya mikutano. Kama zahanati au kisima kilijengwa akiwa mwenyekiti, uamuzi wenyewe huenda uko humo na tarehe yake.

REHEMA: Tarehe zenyewe hugombana. Cheti cha ubatizo kina mwaka mmoja wa kuzaliwa, barua ya ajira ina mwingine. Halafu tangazo la redioni linasema hili, msalaba unasema lile, na ndugu wanaanza kunong'ona. Kubalianeni mwaka mmoja siku ya kwanza, utumike kila mahali. Na orodha ya watoto apewe mkubwa wa ukoo aihakiki. Mtoto wa nyumba nyingine akiachwa, ugomvi wake utadumu kuliko msiba.

SALUM: Kuna kosa lingine wanalofanya waandishi vijana. Hapa Tanzania, Azimio la Musoma, yaani uamuzi wa chama tawala TANU wa Novemba 1974, lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza ualimu kwa miaka 3 wakiwa vijijini, huku wanafundisha, na masomo mengine wakiyapata kwa posta na redio. Sasa mtu akiandika "alihitimu chuo akaajiriwa", amelifuta jambo kubwa kabisa katika maisha ya mwalimu yule: kijana mdogo anafundisha darasa asubuhi, jioni na yeye ni mwanafunzi. Liandikwe lilivyokuwa. Halimpunguzii heshima, linaiongeza.

REHEMA: Na kisomo je? Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwalimu wa shule ya msingi akimaliza watoto, anarudi jioni kufundisha wazazi wao. Wapo akina mama walioshika kalamu mara ya kwanza mbele yake. Hao ni wazee sana sasa. Ndio mashahidi wa kwanza kutafutwa, kabla ya mwanafunzi wake ambaye sasa ni mkurugenzi anayeishi mjini.

SALUM: Warekodini kwa simu. Kaeni chumbani, si chini ya mti penye upepo, na wala si chini ya bati wakati wa mvua. Simu iwekwe juu ya kitambaa, kama shubiri 2 kutoka mdomoni. Ombeni ruhusa kwanza, na sauti yenyewe ya ruhusa irekodiwe. Msiulize "Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani?" Mtajibiwa "alikuwa mtu wa watu", na hapo hamjapata kitu. Ulizeni: ulikaa dawati la ngapi? Ukikosea hesabu alifanyaje? Nani hakuwa na daftari, na Mwalimu alimsaidiaje?

REHEMA: Na waulizeni hata aliowachapa.

SALUM: Naam. Mwalimu wa miaka hiyo alichapa, na wengine bado wana uchungu. Si lazima lisomwe kaburini, ila mwandishi ajue, asije akaandika "hakuwahi kumkwaza mtu" mbele ya watu mia wanaojua vingine.

REHEMA: Urefu?

SALUM: Ukurasa mmoja wa maneno 400 husomwa kwa dakika 4 hivi kwa mwendo wa msibani. Kurasa mbili ndio mwisho. Mambo 3 aliyoyafanya, kila moja na mahali na mwaka wake, yanazidi orodha ya vyeo 12. Ugonjwa uliomuua hautajwi bila idhini ya familia. Msomaji aupitie kwa sauti mara mbili, na majina magumu ayaandike kwa herufi kubwa. Salamu za rambirambi ziwe dakika 3 kila mmoja, na mshereheshaji awe na saa mkononi. Wanasiasa ndio hupitiliza.

REHEMA: Tuje kwenye fedha. Wahitimu wanafungua kundi la WhatsApp, wanachangishana, kisha wanatangaza mfuko wa kulipia watoto ada kwa jina la Mwalimu.

SALUM: Ada ipi? Tanzania Bara, shule za serikali hazitozi ada tangu 2016 hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na sita wakafuatia mwaka 2022. Kinachomtoa mtoto shuleni sasa ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, na umbali kwa mtoto wa kike asiye na bweni. Mfuko uende huko. Chukua wahitimu 40, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi: ni 200,000, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kama sare, viatu na madaftari ya mtoto mmoja ni 80,000, mmewavalisha watoto 30.

REHEMA: Wakilipa wote.

SALUM: Hawatalipa wote, kwa hiyo ahidini watoto 15. Kinachoua mifuko hii ni kukusanyia kwenye namba ya simu ya mtu mmoja. Rambirambi na mfuko vinachanganyika, na mwenye simu anaanza kushukiwa hata kama ni mwaminifu. Funga rambirambi kwa tarehe inayojulikana, toa hesabu, familia ipewe chake. Ndipo muandike katiba fupi, msajili kikundi halmashauri, mfungue akaunti ya benki yenye watia saini 3, fedha itoke kwa saini 2. Hesabu ibandikwe kundini kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna aliyechanga.

REHEMA: Wanaotaka darasa au shule lipewe jina lake?

SALUM: Darasa ni rahisi zaidi: kamati ya shule ikae, iandike muhtasari, familia iridhie kwa maandishi. Jina la shule limesajiliwa wizarani, kulibadili ni safari ndefu inayopitia kata na halmashauri. Kwa vyovyote vile, kabla fundi hajachonga kibao, mpelekeeni mjane au mtoto mkubwa karatasi yenye jina na miaka kama itakavyoandikwa, atie saini. Na zile sauti mlizorekodi, pamoja na picha zenye majina nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, zitolewe nakala 3: familia, shule, na mtu mmoja wa kikundi anayeishi mbali na kijiji.