Nyangao, misheni iliyokaa njiani

Tumsifu Yesu Kristo! Asanteni. Ninyi wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Nimeombwa nieleze parokia yetu ilivyoanza. Watu hupenda kuanza na majina ya mapadre. Mimi naanza na barabara. Hii inayotoka Lindi ikapita Mtama, ikaja hapa na kwenda Ndanda mpaka Masasi, inafuata bonde la mto Lukuledi. Misafara ya kwenda pwani ilipita bonde hilohilo zamani, kabla ya padre yeyote. Misheni iliwekwa hapa kwa kuwa watu walipita hapa. Na vita navyo vikapita hapahapa.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria kule Ujerumani, walifika nchi hii mwaka 1888 wakajenga Pugu. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, Pugu ikateketezwa. Baadaye wakageukia kusini: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896.

Miaka tisa tu, moto ukaja. Mnajua habari za Maji Maji: kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, dawa ya Kinjikitile kule Ngarambe. Vita vilianzia Umatumbi Julai 1905, na Agosti vilikwisha fika kwetu Umwera. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kwenda Peramiho. Mwezi huohuo Nyangao ikachomwa, Lukuledi nayo ikachomwa. Sista Walburga Diepolder wa misheni hii akapoteza maisha.

Hapa naomba tusiwe wepesi wa kuhukumu. Aliyechapwa viboko kwenye shamba la serikali hakuwa na sababu ya kumtofautisha Mjerumani mwenye bunduki na Mjerumani mwenye msalaba. Lugha yao moja. Humu ukumbini, nadhani, tumo wajukuu wa waliochoma na wajukuu wa waliokimbia na masista, na jumuiya zetu ni zilezile.

Mwaka 1906 wamisionari wakaanzisha Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, penye maji ya mlimani yasiyokauka. Tangu hapo Ndanda ikawa mama, ikatuzidi sisi tuliotangulia. Wazee wa Nyangao bado wana kinyongo kidogo, nawaona mnacheka.

Halafu Oktoba 1917. Miezi ambayo leo tunaokota korosho, hapa Nyangao na pale Mahiwa palipiganwa siku nne, tarehe 15 hadi 18, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wengi kutoka Nigeria. Ni moja ya mapigano makali kupita yote ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki. Waingereza waliposhika nchi, wamisionari Wajerumani wakaondolewa.

Sasa nani aliyewafundisha watoto sala? Walimu wa dini. Mtu mwenye jembe lake na katekisimu yake, anatembea kigango hadi kigango kwa miguu. Mwaka 1922 akaja Padre Gallus Steiger kuongoza eneo la Lindi. Yeye Mswisi, Mwingereza hakuwa na neno naye. Lakini hakukuta uwanja mtupu. Alikuta Wakristo.

Yaliyofuata nayapitia haraka: mwaka 1931 tukawa chini ya abasia, yaani monasteri kuu, ya Ndanda, mwaka 1963 jimbo la Nachingwea, ambalo mwaka 1986 likawa jimbo la Lindi.

Kabla ya maswali, jambo moja. Juzi kijana aliniuliza kama hospitali yetu imepewa jina la yule sista aliyeuawa. Hospitali ina jina la Mtakatifu Walburga, mtawa wa karne ya 8, abesi, yaani mama mkuu wa monasteri, wa Heidenheim kule Ujerumani. Sista wetu naye alibeba jina lake. Kwa hiyo kila anayeandikiwa kadi pale dirishani analitaja jina la wote wawili.

Haya, mikrofoni inapita. Wazee kwanza.