Chagua foklifti kulingana na ghala lako

Karibuni. Kabla hujaikaribia foklifti yoyote, yaani gari la kuinulia na kubebea mizigo, shika tepu ya kupimia. Wengi hununua kwanza, kisha wanahangaika kukata kona. Sisi tunaanza na njia.

Pima upana kati ya rafu na rafu, kuanzia pale paleti, yaani majukwaa ya kupangia mizigo, zinapojitokeza. Ukipata mita 3.5 hadi 4, foklifti ya kawaida, yenye chuma kizito nyuma, itageuka vizuri na mzigo wake. Ikiwa ni kama mita 3 na rafu zimeenda juu sana, tafuta hii ya kunyoosha. Itazame: dereva amekaa ubavu, miguu miwili imetangulia chini, na meno, vile vyuma viwili vya kubebea, yanasogea mbele kufuata paleti kisha yanarudi nayo ndani. Hupanda hata zaidi ya mita 10. Magurudumu yake ni madogo na magumu, kwa hiyo sakafu yenye mashimo haiifai.

Kuhamisha paleti chini kwa chini tu, toroli ya kupampu kwa mkono inatosha. Kuokota katoni mojamoja rafuni kuna mashine inayompandisha mtu mwenyewe. Huyo lazima afunge mkanda wa kumzuia asianguke.

Sasa moshi. Ya dizeli ibaki uwanjani. Ndani tumia ya betri. Ya gesi huonekana safi, lakini nayo hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu, kwa hiyo hewa ipite ya kutosha.

Hapa naomba utulie nami. Ona kibati hiki karibu na usukani: kilo 2,000, milimita 500. Namba ya kwanza kila mtu anaisoma. Ya pili ni umbali kutoka shina la meno, pale yanaposimama wima, hadi katikati ya uzito wa mzigo. Paleti yenye kina cha mita 1, ikigusa shina, iko sawa. Weka kreti ya mita 1.6 na katikati yake inasogea hadi milimita 800. Kilo zilezile 2,000 sasa zinaweza kuinua magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayokata kona. Dereva anabaki na usukani usiogeuza kitu.

Tubebe. Tandaza meno kadiri paleti inavyoruhusu. Ingia taratibu, meno yakiwa sambamba na sakafu, hadi mzigo uguse shina. Inua kidogo, laza mlingoti, ile nguzo inayopandisha meno, kuelekea nyuma, angalia nyuma yako, kisha toka. Ukitembea, meno yawe kama sentimita 15 kutoka chini, si zaidi. Mzigo ukikuziba macho, endesha kinyumenyume; lakini kwenye mteremko, kupanda au kushuka, mzigo uelekee juu daima.

Ukimaliza, shusha meno hadi yalale sakafuni, vuta breki ya mkono, zima, toa ufunguo.