Vipande Vinne, Si Viwili

Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua naanzia wapi. Chekeni. Kila msimu naitwa kutazama shamba la majaribio lenye vipande viwili: huku mbegu mpya iliyotiwa jasi, yale madini yanayoupa udongo kalsiamu, kule mbegu ya zamani isiyotiwa kitu. Mwenyeji wangu ananiuliza, "Umeiona mbegu?" Sijaiona. Nimeona ng'ombe wawili wamefungwa nira moja, na hakuna wa kuniambia nani kavuta.

Chukueni karanga, maana Mtwara hakuna wa kudanganywa kuhusu karanga. Ua likishachavuka hushusha kikonyo kinachojichimbia ardhini, na ganda changa hunyonya kalsiamu lenyewe, pale pale lilipo. Ile iliyopandishwa na mizizi huishia kwenye majani, haishuki tena. Ndiyo maana kwenye mchanga uliochoka unang'oa shina limestawi, kijani kibichi, unabinya ganda: tupu! Na aina za punje kubwa huumia zaidi kuliko za punje ndogo.

Tuseme bila jasi punje ndogo imetoa debe nane, kubwa tano. Kwa jasi, ndogo tisa, kubwa kumi na mbili. Haya, mbegu ipi bora? Huwezi kunijibu kabla hujaniuliza kama jasi ipo. Huo ndio mwingiliano wa mbegu na jasi, na vipande viwili havikuonyeshi hata ukivikodolea macho mpaka Idi.

Najua kuna bwana shamba hapa anasema moyoni, "Mkulima atapata wapi eneo la vipande vinne?" Eneo ni lile lile, mzee wangu! Kila kipande kigawe katikati, nusu tia, nusu acha. Hata jasi si ya kuagiza ng'ambo, Kilwa ipo.

Halafu tusichanganye mbegu na jeni, ile chembe ya urithi iliyo ndani yake. Aina mbili za karanga zinatofautiana kwa jeni nyingi mno. Ukitaka kuisifu jeni moja, linganisha mimea ndugu inayotofautiana kwa hiyo tu. Jeni ya PSTOL1, iliyotangazwa mwaka 2012, ilitoka kwenye Kasalath, mpunga wa kienyeji wa India. Watafiti hawakuishia kumsifu Kasalath. Waliitia jeni ile kwenye mpunga usiokuwa nayo, ukalinganishwa na ndugu zake. Mizizi ikaongezeka, mavuno yakapanda kwenye udongo wenye fosforasi haba. Mtasema sisi si watu wa mpunga. Sawa, lakini kupima ni kule kule.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Vipande virudieni mara kadhaa, na nafasi zake zipangwe kwa kura, msiipe mbegu mnayoipenda upande wa kichuguu. Pimeni uzito baada ya kukausha. Na makapi nayo hesabuni, msiyatupe kabla sijafika. Kuhusu salfa ya mikorosho na uchachu wa udongo nilikuwa na mengi, sasa sina muda.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja jasi. Karibu, mama.