Kupanga saraka za ujenzi unapotunza vifurushi vingi vya Debian

Habari zenu watazamaji, karibuni tena kutoka Chikongola, Mtwara mjini. Feni inapiga kelele nyuma yangu, mnivumilie, bila feni hapa hakurekodiki.

Fungua teminali, ingia kwenye folda unayofanyia kazi, andika `ls`. Umeona? Mafaili ya .deb, .dsc, .buildinfo, .changes, mengine ya mwaka juzi. Hujakosea popote. `dpkg-buildpackage`, amri inayojenga vifurushi vya programu za Debian (mfumo endeshi wa Linux), ndivyo ilivyo: ikimaliza kujenga humwaga kila kitu kwenye saraka, yaani folda, iliyo juu ya ile ya msimbo. Ukiwa na kifurushi kimoja husumbuki. Vikifika ishirini, hujui lipi ni la nani.

Kufuta kwa amri ya `rm` na nyota nako kuna mitego. Msimbo wa curl ukiujenga unatoa curl, tena unatoa maktaba zenye majina ya libcurl. Ukiandika `rm curl_*` maktaba zinabaki. Ukiandika `rm *curl*` umeifuta na python3-pycurl, ambayo ni ya msimbo mwingine kabisa.

Haya, tuanze. Kila kifurushi kipe folda yake, na repo ya git, yaani folda ya msimbo inayotunza historia ya mabadiliko, ikae ndani yake: `~/kazi/curl/curl`. Jina linajirudia, liache hivyohivyo.

Sasa fungua `~/.gbp.conf`, faili la mipangilio la gbp (git-buildpackage), zana ya kujenga vifurushi kutoka kwenye repo ya git. Kwenye sehemu ya buildpackage andika mistari miwili: `export-dir = ../build-area`, chini yake `tarball-dir = ../tarballs`. Zile nukta mbili zinapanda ngazi moja juu ya repo. Kwa kuwa kila repo ina folda yake, mpangilio huu mmoja unatosha vifurushi vyote. Ukizipanga repo bega kwa bega ndani ya `~/kazi`, zote zitamwaga mahali pamoja, utakuwa hujafanya kitu.

Mafaili yako ya .orig.tar.gz, yenye msimbo asilia wa programu, yahamishie `tarballs`. Hapa msiharakishe. Yaliyomo `build-area` unaweza kuyajenga tena wakati wowote, lakini faili la orig likishapokelewa Debian, marekebisho yanayofuata ya toleo hilohilo yatatumia lilelile, baiti kwa baiti. Ukilitengeneza upya na alama yake ya SHA256, inayotambulisha yaliyomo, ikabadilika, hifadhi ya vifurushi ya Debian italikataa. Na bando la kulipakua tena si la kuchezea.

Kisha, ndani ya repo, `gbp buildpackage`. Msimbo unanakiliwa `build-area`, unajengwa hukohuko, repo inabaki safi. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kukushawishi.

Kufuta sasa. Sakinisha kifurushi cha devscripts upate amri ya `dcmd`. Hii inasoma faili la .changes, ambalo watu wa korosho mtalielewa upesi: ni stakabadhi ya ghala, imeandikwa kila kilichoingia, ukubwa wake na alama zake. Anza na `dcmd ls` ukitaja hilo .changes, uone orodha. Ukiridhika, badili `ls` iwe `rm`. Hata libcurl zitaondoka, na pycurl haiguswi. Kuhamisha ni `dcmd mv`. Logi za .build hazimo kwenye orodha, zifute kwa mkono.

Umeme ukikatika katikati ya kujenga, nakala iliyoishia nusu itabaki `build-area`. Ifute, urudie `gbp buildpackage`.